Paja la Kuku Mfukoni, Siku ya Kumpa Mjukuu Jina

Naanza kwa kukiri kabisa kwamba nilikosa, tena nilikosa nikiwa nimevaa suti, msije mkasema Mzee Elibariki anazungukazunguka. Na siwezi kuficha maana Tengeru nzima wanajua, juzi nimeenda sokoni kutafuta mbegu za karoti, mama mmoja simjui hata ukoo wake ananiuliza, "Mzee, leo mfukoni umebeba nini?" Watu wakacheka, wauza nyanya wakacheka, mpaka mbuzi waliofungwa pale niliwaona wanacheka. Basi bora mnisikie mimi mwenyewe.

Mwanangu Joeli alikuwa anafanya kazi hotelini Dubai, akarudi na mke Mfilipino, Liza, mtoto mzuri, ana heshima, "shikamoo baba" yake haikosi asubuhi hata moja. Mimi nilishatangaza mbele ya ukoo kwamba chakula cha kigeni hakipiti kwenye koo hili, mimi ni makande na loshoro, mahindi yetu ya maziwa mgando, mpaka kaburini. Sasa Liza alipokaribia kujifungua akaja mama yake kutoka huko kwao kumtunza. Mama mfupi, mcheshi, kabeba sanduku limejaa chupa za siki na soya utadhani anafungua duka. Siku ya kwanza akapika kuku kwa siki, soya na kitunguu saumu kingi, wao wanaita adobo, akaweka juu ya wali mweupe. Nikaonja kwa ajili ya heshima tu. Jamani! Nililamba sahani mpaka yale maua yaliyochorwa yakafifia. Kesho yake akaleta pansit, ni tambi nyembamba na kabichi na karoti za shambani kwetu hapa hapa, keshokutwa yake samaki kwenye mchuzi wa ukwaju, mchachu mpaka masikio yanasimama. Vyakula vya nyumbani tu, havina mbwembwe, na kile kiapo changu kikafa kimya kimya, wala hakikuzikwa.

Mtoto akazaliwa, wa kiume, mjukuu wangu wa kwanza. Kwetu huyo anachukua jina la babu yake mzaa baba, yaani mimi, na Jumapili jumuiya ya kanisa wakija kumwona, mimi ndiye nasimama na kulitamka. Hotuba niliifanyia mazoezi wiki nzima mbele ya ng'ombe (yule ng'ombe mpaka leo ukimwamsha usingizini anaweza kuitoa). Miaka sitini na kitu nasubiri siku moja ya kusimama watu wakanisikiliza, mimi ambaye shule niliiona kwa nje tu.

Shida ikawa moja. Tangu Liza ajifungue, jiko likawa la mzazi. Mke wangu anapika mtori wa ndizi, Mama Liza anapika tinola, ambayo ni supu ya kuku wa kienyeji na tangawizi, papai bichi na majani ya mlonge, eti inaleta maziwa. Na kwetu mwanaume hagusi sufuria ya mzazi. Baba mkwe ndiyo usiseme kabisa, ni aibu ya kuhamia mkoa mwingine. Kwa hiyo mimi nilirudishwa kwenye makande, harufu ya tangawizi inanifuata mpaka bandani.

Jumapili ikafika. Nimeshavaa suti, wanawake wote wako chumbani wanamwogesha mtoto, Joeli anapanga viti nje. Nikaingia jikoni kutafuta kiberiti (sivuti sigara, sijui kiberiti nilikitakia nini). Sufuria iko pale, inatoa mvuke. Ndipo wazo likaja: kuku amechinjwa, sawa, mzazi ale, lakini firigisi je? Firigisi ni ya baba mwenye nyumba! Tangu enzi za babu yangu hakuna mwanamke amewahi kula firigisi kwetu. Nikajiambia, Elibariki, huibi, unachukua cha kwako.

Nikafunua. Nikachota, ikaja bawa. Nimeshalishika kwa mkono, nitalirudishaje? Nikala. Nikachota tena, shingo. Nikala. Firigisi haionekani, nikazidi kutafuta kwa bidii, na kila kinachokuja ambacho si firigisi nakiondoa njiani kwa mdomo. Kuja kushtuka, mchuzi umeshuka, yanaelea mapapai tu kama mitumbwi imekosa abiria. Nikaongeza maji kikombe, nikaongeza kingine. Mkononi limebaki paja moja, nataka kulirudisha angalau mzazi apate kitu, nikasikia jumuiya wanaimba getini na mke wangu anatoka chumbani. Paja likaingia mfuko wa koti. La moto! Nikatoka nje natembea kama nimevaa kiatu cha mtu mwingine.

Watu wakakaa. Mwenyekiti wa jumuiya akasema, "Mzee wetu, simama utupe jina." Nikasimama. Kabla sijafungua mdomo ikasikika sauti ya Mama Liza kutoka jikoni, kisha mke wangu akatokea na mwiko.

"Nani amegusa sufuria ya mzazi? Mtoto wa watu hajala tangu alfajiri, ananyonyesha!"

Mimi, kwa kuwa nilishasimama, nikasema, "Itakuwa paka."

"Paka?" mke wangu akasema. "Paka kafunua, kala, kaongeza maji, kafunika?"

"Paka wa siku hizi, Mama Joeli…"

Hapo mchuzi ukawa umeshapenya koti, unashuka kwenye suruali, na harufu ya tangawizi inatembea safu ya kwanza mpaka ya nyuma. Mbwa wetu akaja mbio, akapita watu wote arobaini, akanirukia mfuko. Nikamsukuma, akarudi, mfuko ukachanika, paja likaanguka mbele ya viatu vya mwenyekiti. Yule mzee akaliangalia, akaniangalia mimi. Akasema taratibu, "Elibariki. Supu ya mzazi?"

Natamani ningeishia hapo. Mama Liza akatoka jikoni na bakuli dogo limefunikwa, anaongea, Joeli anatafsiri huku anaangalia chini. "Baba, anasema hajakasirika. Anasema alipoambiwa firigisi ni yako aliitoa mapema, akakupikia adobo yake pembeni. Alikuwa anasubiri umalize hotuba." Mama Liza akanipa bakuli kwa mikono miwili, anatabasamu. Jamani, angenipiga kwa mwiko ningeshukuru. Liza naye alikuwa amesimama mlangoni, mtoto begani, midomo imemkauka, na hata siku ile hakuacha kuniita baba.

Mke wangu hakunipa nafasi ya kulia. "Kachinje jogoo," akasema. "Mwenyewe. Unyonyoe mwenyewe. Jina tutalitoa sisi."

Nikaenda nyuma ya nyumba na suti yangu, nikachinja, nikakaa kwenye ndoo nanyonyoa, manyoya yananiganda kwenye tai. Nikasikia mke wangu anaomba, kisha anasema kwa sauti, "Mtoto huyu ataitwa Elibariki, kama babu yake." Nikasubiri vigelegele. Mara mtu mmoja akaguna, mwingine akashindwa kujizuia, na wote wakaangua kicheko. Mtoto ana wiki mbili duniani, hajala hata punje ya wali, ameshachekwa kwa ajili ya jina langu.

Suti nimempa mtu. Jikoni siingii tena, nakaa barazani, na nikitamani tinola naita kwa sauti majirani wote wasikie, "Mama Liza, naomba!" Ananiletea. Namwangalia Elibariki mdogo anavyonyonya, nakula polepole, na sijawahi kumaliza bakuli.