Mdomo wa Kinyume

Nilipokuwa na miaka minane, Jumamosi moja saa nne asubuhi, tabibu wa zahanati alinipima kifua upande wa kushoto, akakunja uso, akahamia kulia.

"Bibi, moyo wa mtoto huyu uko huku. Viungo vyake vimegeuka, lakini ni mzima."

Bibi alisikia "vimegeuka" tu. Yeye aliamini kwamba maneno hutoka moyoni, na moyo uliogeuka hutoa maneno yaliyogeuka. Baraka yangu ingekuwa laana. Tulipokuwa tukirudi Kitandililo alinikataza kumtakia mtu yeyote heri.

Mwezi uleule shangazi alishikwa na uchungu, mtoto akakataa kutoka. Gari la kumpeleka hospitali ya Njombe lilipowashwa, Bibi alinisukuma hadi mlangoni.

"Mwambie asirudi. Sema!"

"Usirudi, shangazi."

Shangazi alijifunika khanga usoni akalia.

Alirudi na mtoto mnono, ndipo Bibi akamweleza. Walicheka hadi machozi. Mimi sikuona cha kuchekesha, maana tangu siku ile kila msafiri alipitia kwetu. Mmoja alinisalimia: "Kamwene, mama! Napeleka viazi Ludewa, nitukane kidogo!" Nilimtukana nikitazama vidole vya miguu yangu, watoto wenzangu wakisikiliza uani.

Chuoni nilijifunza kwamba hata kwa watu kama mimi, lugha kwa kawaida hukaa upande wa kushoto wa ubongo, kama kwa watu wengi. Kumbe hakuna kilichogeuza maneno yangu. Yalitoka yamenyooka, na shangazi aliyapokea yamenyooka, akiwa kwenye uchungu. Aibu ilinipanda hadi masikioni, darasa zima likiandika.

Likizo iliyopita, usiku wa kuamkia safari yake ya Ludewa, nilimweleza shangazi yote hayo. Alisikiliza vizuri, akanimiminia chai. "Basi, mwanangu," alisema. "Umesoma."

Asubuhi nilimsindikiza stendi ya Makambako. Ukungu ulikuwa mzito, na nilikuwa nikiiwazia milima ya Ludewa na kona zake tangu alfajiri. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia safari njema. Basi lilipoanza kuunguruma, shangazi alifungua dirisha.

"We msomi! Mbona hujanitukana?"

Nikatazama huku na huku, nisije nikasikiwa na mtu wa chuoni.

"Usirudi, shangazi," nikasema.

Akatabasamu, akafunga dirisha.