Sura Kumi na Mbili kwa Mistari Kumi na Miwili

Ukishapita Kapkatet na lami ikakatika, chai hufunika kila upande, na asiyeyajua mashamba hayo hupotea mchana kweupe. Mgeni mmoja mwenye begi mgongoni alimwuliza njia ya kambi ya wafanyakazi mwanamke aliyekuwa akichuma.

"Ngoja kidogo," mwanamke akajibu bila kuinua kichwa. "Wacha kwanza nimfukuze shujaa mjini."

Huyo alikuwa Dolphine, mzaliwa wa kando ya ziwa, mchumaji kwa miaka kumi na minne. Kampuni ilikuwa imetangaza kwamba mwaka ujao kazi ya mikono itafanywa na mashine. Wangebaki makarani wachache wa kupima majani, na karani alitakiwa awe na C katika mtihani wa kidato cha nne. Dolphine alikuwa na D+ ya zamani. Akajisajili kurudia.

Kilichomtisha ni utenzi uliotahiniwa: beti mia nne za Kiswahili cha kale ambacho hata Sagini, mwalimu wa darasa la watu wazima, alikisoma akisimama-simama. Basi akanunua mwongozo, na utenzi wenyewe akautia chini ya godoro. Mwongozo ulikuwa na sura kumi na mbili, na shamba lao mistari kumi na miwili. Akaona Mungu amemfungulia njia. Kila mstari akaupa sura yake: wa nne shujaa anamtukana mjomba, wa tano anafukuzwa, wa sita anakimbilia msituni. Alisoma ukurasa akiwa mwanzo wa mstari, akausukuma ndani ya aproni ya plastiki, kisha akaukariri huku vidole vikikata majani mawili na chipukizi.

Lakini mchumaji hajichagulii mstari. Nyapara wao, Kiptanui, aliwagawia kila asubuhi kadiri majani yalivyokomaa: leo wa kumi na mbili, kesho wa pili, keshokutwa wa kumi na mbili tena.

"Mama Kepher, huyo mtu wako amekufa mara tatu wiki hii," Jerusa, jirani yake wa mstari, alimtania Dolphine. "Na bado hajaoa."

"Ataoa Alhamisi, nyapara akipenda."

Wakacheka, wakaendelea kuchuma.

Jumapili baada ya kanisa Sagini alimpima. "Kwa nini shujaa alikimbilia msituni?"

"Hiyo ni mstari wa sita, mwalimu."

"Sijauliza mstari, dada yangu. Nimeuliza kwa nini."

Dolphine akafumba macho, vidole vikachezacheza hewani. Sura ya sita ikatoka yote, neno kwa neno. Sababu haikutoka.

Sagini akasema, "Rudi kwa utenzi wenyewe. Usome mwanzo mpaka mwisho."

"Zimebaki siku nne, mwalimu."

Alijaribu hata hivyo, saa za chakula cha mchana, chini ya kibanda cha mizani. Alifika ubeti wa thelathini.

Siku ya mtihani, swali la utenzi lilitaka watahiniwa waonyeshe jinsi kosa moja la shujaa lilivyozaa lingine hadi akaangamia. Dolphine aliyajua makosa yote. Lakini humo chumbani, bila shamba mbele yake, namba za mistari zikamvurugikia; hakujua tena lipi lilitangulia lipi. Mwishowe aliyaandika kwa mpangilio alioupata shambani wiki ile: mtu akafa, akamtukana mjomba, akazaliwa. Alipokuwa akiandika alijua si sawa, lakini hakuwa na mpangilio mwingine.

Matokeo yalikuja kwa simu. D+ ileile.

Mashine ziliingia Machi. Siku ya kutoa watu kambini, yule mgeni wa begi, ambaye aliomba chumba cha siku chache hapo kambini akaishia kukaa miezi, alimsaidia kufunga godoro kwa kamba.

"Utarudia mwaka huu?"

"Nipate C nimpelekee nani?" Dolphine akasema. "Makarani wameshaandikwa."

Lori lilikuwa limejaa vitanda na kuku. Alipanda akakaa juu ya mzigo wake, akiangalia mbele. Jerusa alimwita kwa jina, hakugeuka. Lori likashuka kuelekea barabara kuu. Mgeni akabaki mlangoni pa nyumba ambayo asubuhi ile bado ilikuwa ya mtu.