Sinema Tuliyoitazama Nyuma ya Shuka

Wajukuu zangu wana sinema moja wanayoirudia mpaka wanajua nani atapigwa kofi kabla mkono haujanyanyuka. Wakianza tu, mimi nanyanyuka. Wananicheka, wanasema bibi anaogopa televisheni. Nawajibu kuwa cha kuonwa huonwa mara moja. Sababu sijapata kuwaeleza.

Wakati wa ile vita ya pili ya Mwingereza na Mjerumani tulikuwa tukikaa Lindi: mama, mimi, na baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba. Kaka yangu alikuwa amechukuliwa uaskari na kupelekwa Bama, huko mbali Asia. Barua yake moja ilifika. Baada ya hiyo, kimya. Masika yakaja yakapita mara mbili. Baba mdogo akaanza kusema isomwe hitima, kijana aombewe kama wanavyoombewa waliotangulia. Mama akajibu kuwa mtu hasomewi hitima yu hai. Kila jioni maneno yalikuwa hayo hayo, na mimi, mtoto wa miaka tisa, nilikula haraka ili niondoke kabla hayajaanza.

Ndipo likaja gari la sinema la serikali. Wakawamba shuka jeupe kati ya minazi miwili uwanjani. Wanaume walikaa mbele, upande wa gari. Sisi wanawake tulikaa nyuma ya shuka, kwa stara, tukaziona picha zikipenya kitambaa, hafifu kidogo lakini zinaonekana. Hakuna aliyeona ajabu. Hata kwenye maulidi tulikaa mbali na wanaume. Mwanzoni yalipita maandishi, sikuyajali, mimi nilisomeshwa Kurani tu, herufi za Kizungu sikuzijua.

Wakaonyeshwa askari wetu kambini. Wanafua, wanapanga foleni, wanapewa chakula. Mmoja, mrefu, kofia imemfunika macho, akainua kijiko akacheka, kisha akala. Kwa mkono wa kushoto.

Mama alinibana paja mpaka nikapiga kelele. Kaka alikuwa mashoto. Mwalimu wa chuo cha Kurani alimchapa kwa ajili ya mkono ule, na mama mwenyewe alikuwa akimfunga kitambaa wakati wa kula, maana mkono wa kushoto una kazi zake na kula hakumo. Haikusaidia kitu. Ukigeuka kidogo, mkono umo sahanini.

"Mwanangu yule!" mama akasema. "Mwanangu anakula!"

Wanawake wakapiga vigelegele.

Tuliporudi nyumbani, baba mdogo, aliyekuwa amekaa mbele, hakuwa na vigelegele. "Shemeji, mimi nimeona askari anakula, basi. Mkono sikuutazama."

"Ungeutazama ungemjua."

Mama akasikia kuwa gari likitoka Lindi litakwenda Mingoyo, na sinema itakuwa ile ile. Akataka twende.

"Umeshaona," baba mdogo akamwambia. "Unataka kuona nini tena?"

"Uso. Nikiuona uso, neno la hitima lisitajwe tena humu ndani."

"Na usipouona?"

Mama akaenda kutafuta buibui lake.

Siku ya tatu tulipanda lori la mkonge lililokuwa likirudi shambani tupu. Mama alikuwa na furaha ya kunitia hofu. Alimweleza dereva, akamweleza utingo, akamweleza kila aliyepanda njiani kwamba anakwenda kumwona mwanawe. Mimi nilikuwa nikiomba mashine ya sinema iharibike. Nilichokuwa nacho kilinitosha: kaka yu hai, anakula, anacheka. Kwa nini turudie?

Mashine haikuharibika. Walipowamba shuka na kuanza, mama akaninong'oneza, "Huku nyuma kuna giza. Wewe bado mdogo, hakuna atakayekusema. Nenda mbele ukautazame uso wake vizuri."

Nikaenda, nikachuchumaa katikati ya wavulana. Huko mbele picha zilikuwa kali, zinaumiza macho. Ile foleni ikaja, lakini ikatokea upande mwingine. Nikasema moyoni, hawa wamekosea. Yule mrefu akainua kijiko. Kilikuwa katika mkono wa kulia. Akacheka, akala kwa mkono wa kulia, kama watu wote. Uso wake ulikuwa kofia na meno tu. Nikalitazama shuka, nikakumbuka tulikokaa Lindi, nikaelewa kwamba ukiwa nyuma ya kitambaa, kulia huwa kushoto.

Nilirudi kwa mama nikizunguka mbali, nichelewe. Nilimkuta amesimama.

"Umeuona?"

"Nimeuona. Ni yeye."

"Na mkono?"

"Wa kushoto, mama."

Akanishika kichwa. "Ahsante, mwanangu."

Tulilala kwa jamaa, asubuhi tukarudi Lindi. Njia nzima mama hakuzungumza na mtu. Nilidhani amechoka. Nilijisifu kwa uongo wangu na papo hapo niliogopa kwamba baba mdogo ataniuliza, nami nitajikanyaga. Tulimkuta barazani. Kabla hajasema kitu, mama akamwambia, "Shemeji, tafuta siku. Hitima isomwe."

Nikapiga ukelele. "Lakini mama, mimi nimemwona!"

"Nilisimama pembeni mwa shuka," akasema. "Nimetazama mbele, nimetazama nyuma."

Hakunikasirikia. Nilitamani anikasirikie, anipige, nipate la kulilia.

Kwa haki, sinema ile haikusema kaka amekufa. Ilisema tu kwamba yule si yeye. Lakini mama alikuwa ameshampata mara moja, na kumkosa mara ya pili kulimmaliza. Wangapi wana moyo wa kwenda mara ya tatu? Kaka hakurudi, na serikali haikutuletea neno.

Siku ya hitima Kurani ilisomwa asubuhi, kisha wanawake tukaketi uani, sinia la wali katikati. Nikanawa mikono yote miwili. Nikala kwa mkono wa kushoto, mbele ya watu wazima wote, nikimtazama mama. Bibi mmoja akaguna. Mama aliniona. Hakunifunga kitambaa, alinisogezea mchuzi, upande ule ule wa kushoto.