Binti wa Mizani

Kina mama wa kliniki walimwita Binti wa Mizani, yule mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuja kujitolea kupima watoto uzito. Kila alipokuwepo hakukosa mtoto kiunoni, na daftari la chuo lilikuwa wazi mezani. Kidole kikifuata mistari, mdomo ukibembeleza. Macho mekundu kwa kukesha, mikono mitulivu. Asubuhi hiyo alikuwa amembeba mtoto wa mama mmoja kijana, pale mwanafunzi mwenzake alipoingia akihema. "Wewe! Mtihani ni sasa hivi, si mchana! Watu wanaingia!" Binti akachomoka mbio. Mama kijana akashtuka, akatoka nyuma yake: "Jamani, mwanangu!" Alimkuta Binti getini, ameganda, anamkodolea macho mtoto kama aliyemwokota njiani. "Dada, nisamehe. Nilidhani nimebeba mkoba." Mtoto alikuwa anacheka tu. Mama akampokea mwanawe. "Kimbia, mdogo wangu!" Binti akakimbia, mikono mitupu. Mama akarudi ndani, akauona mkoba unaning'inia kwenye ndoano ya mizani, kalamu zimechungulia. Akamfunga mtoto mgongoni, akaunyakua, akamfuata mbio.