Dola Ikipanda Tunakosa Nyama, Ikishuka Tunakosa Ugali

Meneja alisimama mlangoni mwa jiko la wafanyakazi, kikombe cha kahawa mkononi, akatutangazia: "Kuanzia leo hakuna chakula cha mchana. Dola imeshuka, jamani. Tuvumiliane."

Nilikuwa nimeshatandika vyumba kumi na viwili, na nina mtoto wa miezi mitano anayenyonya. Uvumilivu wangu uliishia hapo.

"Bosi, mwaka juzi nyama uliiondoa kwa sababu gani?"

"Dola ilikuwa imepanda."

"Sasa hiyo dola ifanye nini ndiyo sisi tule?"

Wenzangu wakacheka. Mpishi akaninong'oneza, "Mama Nasra, utatuponza." Meneja hakucheka.

Wadogo zangu mnaotaka kazi za hoteli, sikilizeni. Mimi nilimaliza kidato cha nne Kilosa, nikaanzia gesti ya Magomeni. Siku ya kwanza mama mwenye gesti alinifundisha kukunja pembe ya shuka kama bahasha, ili lisichomoke mgeni akijigeuza. "Shuka likichomoka, na wewe umechomoka," aliniambia. Alikuwa mkali, lakini saa saba mchana sahani zetu zilipakuliwa kwanza. Unga ukipanda bei, aliongeza kidogo bei ya chumba, maisha yakaendelea.

Hapa Mikumi, kwenye hoteli niliyopo sasa, ni habari nyingine. Wageni wa mbugani wanalipa dola, sisi tunalipwa shilingi. Msimamizi wa Vyumba ndiye aliyenielewesha, tukiwa tunaanika mashuka: dola ikipanda, mwenye hoteli akiibadilisha anapata shilingi nyingi zaidi. Nilibaki nimeshika shuka mkononi. Mwaka ule dola ilipopanda, mafuta ya kupikia yalipanda, sabuni ikapanda, nauli ya Kilosa ikapanda. Mshahara wangu haukusogea, na nyama ikatoka sahanini. Kumbe mwenye hoteli alikuwa anavuna! Hatukuitwa kugawana. Leo dola imeshuka, tunaitwa tugawane hasara, wakati dukani hakuna kilichoshuka hata sabuni ya kipande.

Wiki mbili nilishinda na chai ya asubuhi tu. Maziwa yakapungua. Mtoto ananyonya, anaachia, analia, anarudi tena. Mama akanipigia simu kutoka Kimamba.

"Acha kazi urudi nyumbani, mwanangu. Tutakula hata mihogo."

"Siachi, mama. Kazi naijua, na mkataba ninao."

Siku yangu ya mapumziko nikambeba mtoto mgongoni, nikaenda Morogoro kwa afisa kazi. Akausoma mkataba wote, akanipa karatasi. "Andika mwenyewe, kwa maneno yako." Nikaandika:

"Mimi ni mhudumu wa vyumba, huu ni mwaka wangu wa sita. Kifungu cha nne cha mkataba wangu kinasema mwajiri atanipa mlo mmoja kila siku ya kazi. Hakisemi dola ikiwa imefikia wapi. Mlo huo umeondolewa bila mimi kuulizwa wala kuandikiwa barua. Ninanyonyesha. Naomba mwajiri aamriwe kuurudisha, na anilipe kwa siku zote nilizoshinda na njaa. Sijaacha kazi. Kesho saa moja asubuhi nitakuwa kwenye zamu yangu."