Sentensi Aliyoiacha Afande Okwir

Wiki tatu Afande Okwir aliisoma riwaya moja ya upelelezi, na wiki tatu aliilalamikia kama mtu anayelaumu chakula huku akiongeza sahani. Kurasa mia tano! Tajiri mmoja kauawa, nyumbani mna watu kumi na wanne, na kila mmoja ana uongo wake. Ikambidi aandike majina yao nyuma ya kalenda ya mwaka jana, la sivyo angepotea.

"Na huyu mpelelezi hachoki!" alimwambia mkewe, Atoo. "Hajakosa mafuta ya gari hata siku moja. Polisi ya wapi hiyo?"

"Basi iache."

"Nikiiacha nitamjuaje muuaji?"

Yeye mwenyewe alichoka zamani. Miaka ishirini na minane alikaa katika kituo kimoja cha polisi hapa Kampala akichukua maelezo ya mashahidi. Shahidi anasema, yeye anaandika, anamsomea, shahidi anatia kidole gumba. Magoti yakaisha, macho yakaisha, hata hasira ikaisha. Alipostaafu wakahamia vyumba viwili huko Makindye, akadhani sasa atapumzika. Thubutu!

Jumanne asubuhi akafika ukurasa ule. Kumbe mpishi wa tajiri alikuwa amesema ukweli wote tangu siku ya kwanza, ila karani aliyemwandikia maelezo aliruka sentensi moja. Mpelelezi akamuuliza kwa nini. Karani akajibu kwamba alikuwa amechoka.

Okwir akakiweka kitabu chini. Hakukigusa tena, wala chai yake hakuigusa.

Miaka kumi na moja nyuma, duka moja la Kawempe lilivunjwa alfajiri, na fundi baiskeli aitwaye Obita akakamatwa. Mbambu, mama muuza chai wa jirani, aliletwa kituoni aeleze alichokiona. Alieleza taratibu, mpaka jioni: watu watatu walitoka mbio, nyuso hakuziona. Okwir alikuwa amefika mstari wa mwisho wa karatasi pale mama aliposema, "Na Obita wakati huo alikuwa kwangu, anangoja chai ichemke."

Karatasi nyingine zilikuwa kabatini, upande wa pili wa chumba. Okwir hakuinuka. Alimsomea yaliyoandikwa tu, na mama, hoi kama yeye, akatia kidole. Mahakamani Mbambu hakuitwa; karatasi ikasomwa, jina la Obita halimo. Akafungwa miaka sita. Okwir alipoisikia hukumu alijiambia hakimu ana kazi yake na yeye ana yake. Aibu hiyo aliifungia moyoni, na leo kitabu cha kubuni kimemvua nguo.

"Unakwenda wapi?" Atoo akauliza.

"Kawempe."

"Na magoti hayo?"

"Na haya haya."

Mbambu alikuwa bado anauza chai pale pale. Hakumtambua mpaka alipojitaja. Okwir hakuzunguka: alimwambia habari ya sentensi, ya karatasi, ya uvivu wake. Kisha akangoja matusi, maana aliyastahili.

Mbambu akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nilisema?" akauliza.

"Ulisema."

"Afande, usinidanganye. Nilisema kwa mdomo wangu huu?"

"Ulisema, mama. Mimi ndiye sikuandika."

Machozi yakamtoka, hakuyafuta. Obita alipotoka jela alirudi kwenye kazi yake, ng'ambo ya barabara, na mwaka wa tano huu hajampa Mbambu salamu.

"Na nilimwona ana haki ya kuninunia," Mbambu akasema. "Nilidhani niliogopa polisi nikasahau kumtaja. Nimejitukana kila siku, banange, jamani, kila siku!"

 Okwir alichoka mwili mzima, akageuka aende zake. Mbambu akamshika mkono.

"Unakwenda wapi, afande? Obita yule pale, anaziba tairi. Twende ukamwambie, na mimi nikiwa nimesimama hapo hapo nasikia."