Jogoo Niliyemchinjia Mkwe

Mwanangu, shule niliiacha nikijua kuandika jina langu tu, na mabanda haya ya kuku unayoyaona hapa Kindu nimeyajenga mwenyewe. Najisifu, ndiyo. Lakini kuna siku moja nikiikumbuka, kichwa kinainama chenyewe.

Vilikuwa vile vita vya kwanza, vya baada ya uhuru, si hivi mnavyovijua ninyi. Kila aliyepita na bunduki alichukua kuku, tena mkubwa. Tukabaki na vijikuku vyenye kifua kama mgongo wa kisu. Shangazi yangu, aliyenilea, alikuwa amemficha jogoo mmoja jikoni chini ya kitunga, juu amelaza sombe, majani ya muhogo. Jogoo mzito, kifua kimejaa. Wanawake wa mtaa walimletea mitetea yao kimyakimya ipandwe, wakamlipa vifaranga, na chumvi yetu ilitoka kwa vifaranga wale.

"Huyu si mboga," Shangazi alikuwa akisema. "Huyu njo mbegu."

Mimi nilitaka kuoa. Baba wa binti akavuka mto kutoka Alunguli kuja kuniangalia. Kwetu mkwe huandaliwa kuku mzima, na firigisi ni yake. Nikatazama vijikuku vyangu, nikaona haya. Shangazi alikuwa shambani. Nguo ya kuazima haisitiri matako, mwanangu, lakini ujana hausikii. Nikamchinja yule jogoo.

Mzee akala vizuri. Akaugeuzageuza mfupa wa kifua.

"Kijana, kuku kama huyu alibakia wapi?"

"Njo wa shangazi yangu, baba mukwe."

"Aliacha majogoo wengine?"

"Mukubwa alikuwa huyu tu, baba."

Akanawa mikono. Firigisi akaiacha sahanini.

"Nilikuja kuona muntu mwenye atachunga binti yangu. Nimeona mwenye anakula mbegu sababu mugeni amefika. Huyo binti atangoja."

Shangazi aliporudi akaona manyoya. "Umekula wajukuu," akasema, akaingia ndani. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi wajukuu niliwala kwanza, majuto yakanijia peke yake.

Wanawake wakaacha kuja. Chumvi ikaisha. Nami kwa kiburi nikasema dawa ni chakula. Nikavishindilia vijogoo vilivyobaki mahindi na kumbikumbi. Vikajaa mafuta tumboni, kifua kilekile. Nikasema vimerogwa, nikamsingizia hata jirani, mjane wa watu. Hilo nalo naliona aibu kulitaja.

Mwishowe nikaenda kwa miguu hadi Kalima, nikalimia watu, nikarudi na jogoo. Shangazi akampapasa kifua. "Mwembamba," akasema, lakini akampokea. Mkwe aliposikia, akanipa binti. Shangazi alikufa sijamwambia nisamehe. Nilijiona mwanaume.

Juzi mjukuu wangu, anayesomea mifugo, aliniambia bandani, "Babu, ndani ya damu ya kuku kuna kitu kinaiambia nyama: basi, imetosha. Kwa wengine kinasema mapema, kwa wengine kinachelewa. Anakipata kwa baba na mama. Mahindi hayawezi kukibishia."

"Na kwa wanaume kipo?"

"Kwa wengine kinachelewa sana, babu."

Akacheka. Mimi nikajifanya natazama maji ya kuku. Kumbe jibu nililolitafuta miaka yote kwenye gunia la mahindi, Shangazi alikuwa amenipa kwa neno moja, mbegu, na nikalichinja.

Basi sikia. Mgeni akija, mpe wa pili kwa ukubwa, na umwambie kwa nini. Mwenye akili atakuheshimu, asiye nayo atashiba tu. Aliye bora umwache azae. Chakula hunenepesha kilichopo, hakileti kisichokuwepo. Na ukimkosea aliyekulea, sema leo, angali anakusikia.

Mungu akupe mkono unaojua kuacha, uani kwako kusikose jogoo wa kuwika, na watakaokuzika wawe wengi kuliko uliowazika.